Vipande Vinane vya Mwaka na Ng'ombe wa Kaka

Alhamisi, 2 Aprili

Semina ya idara leo, mjini. Siku nzima! Mkufunzi ni kijana kutoka Colombo, tai nyekundu, viatu unaweza kujitazamia uso. Mada: kupanga mwaka wenye uwiano. Tulikuwa wafanyakazi thelathini wa posta na biskuti zilikuwa ishirini na nne, kwa hiyo uwiano ulitushinda kabla hata ya chai kupoa.

Lakini jambo lenyewe nimelipenda. Unachora duara. Unalikata vipande vinane: afya, kazi, fedha, elimu, nyumba na bustani, dini, burudani, familia. Kila kipande unakipa alama, moja hadi kumi, kisha unaziunganisha alama kwa mstari. Mstari ukizunguka vizuri, maisha yako ni gurudumu. Ukiwa na mabonde, unadunda.

Kazi nimejipa tisa. Ningejipa kumi, lakini Naibu Posta Masta lazima awe mnyenyekevu. Dini saba. Afya sita – kijana akapita, akalitazama tumbo langu, nikafuta nikaandika nne. Burudani tatu. Familia niliiacha wazi.

Kijana akauliza kwa nini. Nikamwambia wino umekwisha. Akanipa kalamu mpya ya bluu, imeandikwa jina la semina ubavuni. Nikashukuru, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka wakahamia mada nyingine.

Kalamu nzuri, lakini. Ndiyo hii. Inateleza kama samli. Shajara hii sitaiandika kwa nyingine.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimemwonyesha Chulani duara. Mke wangu huyu alilitazama muda mrefu, kisha akauliza yeye yumo kwenye kipande cha familia au cha nyumba na bustani. Nikasema tuheshimu kazi za wataalamu.

Halafu akaniambia habari, huku anachambua mchele, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Kaka Wijepala anahama! Yeye na Shemeji Heenmenike wanakwenda Badulla, kwa binti yao aliyejifungua mapacha. Wanakwenda moja kwa moja, si kutembea. Wataondoka tarehe 20, kwa saa njema ya kutoka waliyoipanga wanajimu.

Nikamuuliza amejuaje, maana watu wa nyumba ile hawajasema na watu wa nyumba hii mwaka mmoja na mwezi. Akasema wanawake husikia.

Hatua kumi na mbili kutoka mlango wangu hadi uzio wake. Nimezipima. Nitaandika kisa chote hapa mara moja, kwa ajili ya kumbukumbu, nisikirudie.

Mfenesi wa Kaka uko kwake lakini matawi yako kwangu. Mwaka jana mwezi wa tatu fenesi liliiva, likaanguka, likavunja baiskeli. Ingekuwa baiskeli yangu ningenyamaza. Ilikuwa ya serikali. Mali ya serikali ikiharibika, taarifa ni ya maandishi. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Basi nikamwandikia Kaka barua. Yah: matawi yanayovuka mpaka. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha, nikaituma kwa rejista, na hati ya kusaini aliyepokea.

Tarishi alitoka posta na baiskeli nyingine, akapita mbele ya nyumba yangu, akampelekea. Kaka akakataa kusaini. Alimwambia tarishi maneno haya, na tarishi, mjinga yule, akaniletea yote mbele ya wateja: "Kamwambie huyo naibu kwamba mto ulipofurika nilimbeba mgongoni kumpeleka shule. Sikumtaka saini."

Barua iliyokataliwa hugongwa muhuri na kurudishwa kwa aliyeituma. Nikagonga muhuri mwenyewe. IMEKATALIWA. Nikajirudishia, nikajisainia kwamba nimeipokea. Tangu hapo hatusemi.

Jumatatu, 6 Aprili

Usafi wa kumaliza mwaka. Nimepaka chokaa kuta mbili na nusu. Kanuni ya semina: kitu kisichofanya kazi kisivuke mwaka. Nimetupa soksi pweke, redio bubu, na kalamu zote za nyumba hii, thelathini na moja, ambazo kila moja ukiiandikia unapata mkwaruzo tu. Chulani akasema mbili zilikuwa nzima. Nimeshazichoma.

Sasa mpango mkuu. Karatasi ya wanajimu imetoka, tumeibandika jikoni. Mwaka unaingia Jumanne ijayo, tarehe 14, jua likitoka nyota ya Samaki kuingia ya Kondoo. Kazi ya kwanza: saa sita na dakika ishirini na sita mchana. Kila mtu anajua kwamba kile ulichokishika dakika hiyo ndicho utakachokishika mwaka mzima. Mwaka jana Chulani alikuwa anatafuta miwani yake. Ameitafuta mwaka mzima.

Mimi sitashika kitu kimoja. Nitashika vinane! Kila kipande cha duara tendo lake, yote ndani ya dakika moja. Kuchuchumaa mara tatu, hiyo afya. Kugonga muhuri karatasi tupu, hiyo kazi. Sarafu ndani ya kibubu. Ukurasa mmoja wa kitabu cha mitihani ya kupanda cheo. Mche wa pilipili ardhini. Ubani. Wimbo, mstari mmoja. Hayo saba.

Nimejaribu kwa saa ya mkononi: dakika mbili na sekunde arobaini. Kuchuchumaa ndiko kunakokula muda, kwa sababu ya kuinuka.

Jumatano, 8 Aprili

Nimekula kokis nne jioni hii, za kukaanga, nyepesi, zinavunjika mdomoni kama majani makavu. Nikamsifu Chulani. Kokis zake kwa kawaida ukiziangusha unaitazama sakafu, si kokis. Akaanza kutafuta miwani. Hapo nikajua.

Nimemhoji. Amekiri bila aibu yoyote. Nyuma ya kisima kuna upenyo kwenye uzio, upana wa sahani moja. Yeye na Shemeji wamekuwa wakipitishiana vyakula hapo mwaka mzima! Ule mchuzi wa fenesi changa niliouramba hadi sahani siku ya sherehe ya kupandishwa daraja – wa kwao. Fenesi la mti ule ule! Nimekula ushahidi.

Nikasema hii ni hujuma ndani ya nyumba yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Chulani akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Yeye na Shemeji hawana jembe wala kapu, wana sahani tu, na mimi kama nataka niandike barua.

Nimekula na ya tano. Kwa hasira.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku ya mwisho kazini kabla ya sikukuu. Nimeomba likizo hadi tarehe 20, nirudi kwa saa njema ya kutoka, nisiwe kama vijana wa kaunta wanaorudi siku yoyote halafu wanashangaa mwaka unawaendea kombo.

Kwenye droo yangu ya chini nimekuta barua ile. Bado imefungwa, muhuri wangu mwekundu juu. Faili lililo wazi halipaswi kuvuka mwaka. Nimekuja nayo nyumbani.

Baada ya chai nimeketi kukijaza kipande cha familia. Nimeandika lengo: kurejesha mawasiliano na Kaka. Muda: ifikapo Desemba. Nimeridhika. Kisha nikakumbuka kwamba ifikapo Desemba Kaka atakuwa Badulla miezi minane, analea mapacha.

Nimejaribu kumwandikia. Karatasi ya kwanza ilianza: Rejea barua yangu ya tarehe kumi na moja Machi. Nikaichana. Ya pili ilianza: Mpendwa Kaka, natumaini hujambo. Hatua kumi na mbili! Jana tu nimemsikia anapiga chafya mara saba mfululizo kama baba yetu. Ya tatu nilipoianza Chulani akaipitishia jicho begani kwangu, akauliza mdomo wangu una ugonjwa gani.

Mtu mdogo ndiye humwendea mkubwa na majani ya tambuu, akapiga magoti, yaliyopita yakaisha. Hiyo ndiyo desturi na ndiyo kazi ya mwaka mpya. Mwaka jana sikwenda. Nilikuwa nangoja asaini kwanza.

Jumatatu, 13 Aprili

Kuoga kwa mwaka unaokwisha. Maji ya majani, kisimani, asubuhi. Koha, yule ndege wa mwaka mpya, anaita tangu alfajiri, haoni hata haya.

Ng'ambo ya uzio nikasikia ndoo nyingine. Kaka naye anaoga. Ndoo yake, ndoo yangu. Ndoo yake, ndoo yangu. Nikajikuta namngojea. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa akinimwagia, anasema fumba macho, halafu hamwagi, anangoja mpaka nifumbue.

Nimemkumbuka kaka yangu. Yuko hapa hapa, nasikia maji yakimtiririka, na nimemkumbuka mpaka sabuni ikaniingia machoni.

Nimenunua tambuu, majani arobaini. Sijasema ni za nani. Nimeziweka kwenye trei barazani, ikiwa atatokea mkubwa yeyote.

Jumanne, 14 Aprili

Mwaka Mpya. Nitaandika kwa mpangilio ingawa hakuna kilichokwenda kwa mpangilio.

Tangu alfajiri kipindi kitupu: hakuna kupika, hakuna kula, hakuna kazi. Mwaka ukaingia saa tatu na dakika thelathini na mbili. Njaa. Kengele za hekalu. Saa tano na dakika kumi na nne Chulani akawasha jiko, ameelekea mashariki kama karatasi inavyosema, akabandika chungu cha maziwa. Kila mtu hutazama yatamwagikia upande gani. Yakafura, yakamwagikia kaskazini. Chulani akasema, unaona, kwa Kaka. Nikasema chungu kimeinama. Nimekipima kwa bilauri ya maji: kimeinama kweli, kiasi cha ukucha. Halafu nikauliza maziwa yametoka wapi. Akaanza kukata wali wa maziwa vipande.

Saa sita na dakika ishirini nilikuwa tayari uani. Mkeka. Juu yake muhuri, kibubu, kitabu, ubani, mche wa pilipili na shimo lake. Nimevaa sarong mpya ya rangi iliyotajwa na karatasi ya wanajimu, bluu. Trei ya tambuu barazani. Chulani ndani anatazama televisheni anihesabie.

Sasa yule mwenye duka, pale barabarani, saa yake inakwenda mbele tangu nilipomfahamu. Dakika ya ishirini na tano akalipua fataki. Mkufu mzima, elfu moja!

Nikasikia ng'ombe wa Kaka analia. Rattaran, yule mwekundu. Halafu nikasikia uzio. Alipita kwenye uzio kana kwamba ni pazia, pale pale kwenye upenyo wa sahani. Sasa ni upenyo wa ng'ombe. Akakanyaga mche. Akakanyaga kitabu cha kupanda cheo. Kisha, katika uwanja mzima wenye nyasi, akapanda barazani akaanza kula tambuu.

Nikaikamata kamba. Nikavuta. Hakusogea, anatafuna tu, ananitazama. Mara Kaka akatokea kwenye pengo, taulo kiunoni, kijiko cha mbao mkononi. Tulitazamana. Mwaka mmoja na mwezi! Amezeeka, au mimi ndiye sikuwahi kumtazama. Hakunisemesha. Alimsemesha ng'ombe.

"Rattaran," akasema, "mwambie huyo aliyeshika kamba asivute kama anavuta gunia la barua. Atakukaba."

Nami sikukubali kunyamazishwa uani kwangu. Nikasema, "Rattaran, mwambie mwenye kukufuga kwamba kamba fupi namna hii ni hatari kwa umma."

Kaka akasema, "Mwambie aandike barua."

Kaka akaja, akaishika kamba mbele ya mikono yangu, akanionyesha kwa bega namna ya kuvuta, kwa chini, kidogo kidogo, na tukavuta wote wawili. Ng'ombe akashuka ngazi moja. Na Chulani ndani akapaza sauti: tayari, saa imetimia! Fataki mji mzima. Ngoma. Kengele.

Tukasimama. Sote wawili tulijua ni dakika gani ile. Kaka akaitazama kamba, akaitazama mikono yangu, na kinywa chake kikafunguka. Nami nikafungua changu. Shemeji akamwita kutoka ng'ambo, chakula, chakula, saa inapita! Na ni kweli, chakula cha kwanza nacho ni dakika hiyo hiyo. Akaenda, na ng'ombe wake, na jani moja la tambuu likining'inia mdomoni mwa ng'ombe.

Vipande saba havikuguswa hata kimoja. Kazi yangu ya mwaka mzima ni kuvuta ng'ombe wa kaka yangu, ambaye baada ya siku sita hatakuwapo, wala yeye wala ng'ombe. Sijui mkufunzi wa Colombo angenipa alama ngapi.

Alhamisi, 16 Aprili

Kupakwa mafuta kichwani, hekaluni. Zamani Kaka ndiye aliyetupaka sote, mkubwa wa ukoo, na alikuwa akinipaka kwa kunifinya sikio. Leo mtawa. Foleni ndefu. Kaka alikuwa watu wawili mbele yangu. Nimetazama kisogo chake dakika ishirini. Ana upara mpya, mviringo kabisa, kama duara kabla hujalikata.

Mtawa akanitakia maisha ya miaka mia moja na ishirini. Nikafikiri ni mingi mno kukaa bila kusema na mtu.

Jumamosi, 18 Aprili

Mnunuzi wa ng'ombe alikuja kwa Kaka asubuhi. Nilikuwa karibu na pengo kwa shughuli zangu. Kaka akamwambia kwamba ng'ombe ameshapata pa kwenda. Mnunuzi akapandisha bei. Kaka akampa chai na kumwonyesha lango.

Pengo bado lipo. Mimi sijaliziba: uzio ni wake. Yeye hajaliziba: naona anasema aliyeuwekea mpaka ni mimi. Kuku wanapita. Shemeji hapiti tena na sahani kisimani, anapita na sufuria katikati mchana kweupe, ananiambia hujambo shemeji, nami naitikia.

Nimenunua tambuu nyingine, arobaini, nimezifunga kitambaa chenye maji. Mpango huu hapa. Saa ya kutoka kwenda kazini ni Jumatatu saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, nguo nyeupe. Kaka ataondoka dakika hiyo. Mimi nitatoka dakika hiyo. Tutakutana barabarani kwa bahati. Nitampa tambuu nikiwa nimesimama au nimepiga magoti kulingana na hali ya tope. Kisha yeye Badulla, mimi posta. Heshima ya kila mmoja imehifadhiwa.

Nimemsomea Chulani. Akasema kwa gari la kukodi lenye vyombo, kitanda na Shemeji ndani, bahati hiyo itanipita kwa mwendo wa maili thelathini kwa saa.

Kipande cha nane bado kitupu. Kila usiku nakitazama. Nimekifuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka.

Jumatatu, 20 Aprili

Saa kumi na mbili na dakika nane. Nimevaa nyeupe. Tambuu kwenye kitambaa, kingo zimeanza kunyauka. Barua ya rejista ipo mfuko wa shati, nairudisha posta. Naandika nikiwa nimesimama, nisikunje suruali.

Nimefungua mlango nikakuta ng'ombe. Rattaran, nguzoni mwa baraza, amefungwa. Hakuna mtu. Hakuna ujumbe. Nimelitazama fundo: mizunguko miwili na kitanzi cha kuvuta, fundo ambalo Kaka alinifundisha kufungia mkoba wa shule. Ameoshwa. Shingoni ana kamba mpya, ndefu, ndefu kuliko inavyohitajika. Si hatari kwa umma.

Nimesimama hapo. Chulani akasema nisilie juu ya shati jeupe.

Ng'ombe hana kipande katika duara. Si afya, si burudani.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa. Gari la Kaka limepakiwa. Injini inanguruma tayari. Nimesoma tena karatasi ya wanajimu: kutoka ukielekea kaskazini. Sikulitazama hilo kabla. Lango langu liko kusini. Kaskazini mwangu ni pengo.

Dakika ya ishirini na tatu. Shemeji amepita pengoni, amevaa sari ya safari. Hakuja na sahani. Amesema Kaka anauliza kama ile barua bado ninayo. Anataka kuisaini. Hataki kwenda kuishi Badulla huku serikali inamngoja hapa. Nilete na kalamu, maana zao zimefungwa kwenye masanduku. Na amesema niilete mwenyewe, nisimtume tarishi.

Nimemwambia Shemeji dakika moja. Nimeingia ndani kufikiri, na nikifikiri naandika.

Kuchukua saini ni kazi ya posta. Kutoka mlangoni na barua ya rejista mkononi ni kutoka kwenda kazini. Sasa ni dakika ya ishirini na sita. Nikitoka sasa nimetoka dakika kumi na tano kabla ya saa njema, mwaka wangu wote wa kazi umeharibika, na pale ndipo nina tisa! Nikingoja arobaini na moja, arobaini na moja ndiyo dakika yake na yeye. Karatasi ina dakika moja tu kwa watu wote.

Nimemweleza Chulani. Nilidhani atacheka. Alikuwa anazifunga zile tambuu kwenye kitambaa kikavu, akaniwekea mkononi.

"Baba, kazi ya mwaka huu ulishaianza tarehe kumi na nne," akasema. "Ulishika kamba. Nenda ukamalizie."

Dakika ya ishirini na tisa. Dereva amepiga honi. Namwona Kaka kupitia dirisha. Amekuja mpaka kwenye pengo, shati la safari, nywele zimelowa. Amesimama upande wake. Mguu mmoja upande wangu. Anamkuna ng'ombe kwa mbali, kwa hewa. Anaita. Haniiti Naibu. Ananiita Podi, mdogo, jina ambalo aliyekuwa analijua mwingine ni mama tu. Anauliza kama bado nimefumba macho.

Natoka. Si saa njema. Barua ninayo, tambuu ninazo. Kalamu – nyumba nzima nilizichoma, imebaki hii, na anaitaka kwa hiyo siwezi kuendelea kuan